Barua ya wazi: Maktaba ya kidijiti ya Tanga isiwe ghala la mafaili

Kwa Mkurugenzi Mkuu wa Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, Mkurugenzi wa Jiji la Tanga, na Mkuu wa Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka, Bagamoyo.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kutoka Ngamiani. Mimi ni mkutubi wa shule, kazi ambayo wengi huidhania ni ya kulinda kabati na kudai vitabu vilivyochelewa. Nawaandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe ni la umma, na kwa sababu barua za kawaida zina tabia ya kulala kwenye trei ya sekretari.

Siku hizi kila taasisi inataka kuwa na maktaba ya kidijiti. Nami naitaka. Ila mara nyingi mpango huanza na orodha ya vifaa: skana, kompyuta kadhaa, seva, kiyoyozi cha chumba cha seva, na uzinduzi wenye utepe. Ombi langu ni kwamba siku mtakapokaa kupanga maktaba ya kidijiti ya mkoa huu, maswali mawili yatangulie orodha ya vifaa. La kwanza: vitu vilivyomo vitajuanaje? La pili: watu wa mji huu wataingiaje humo na wanachokijua?

Skana hutoa picha ya ukurasa. Picha huwa faili, faili huwekwa kwenye folda, na kazi inahesabiwa imekwisha. Nimewahi kukaa mbele ya hazina ya namna hiyo, kwenye taasisi ambayo sitaitaja. Mafaili yalikuwa mamia, majina yake ni tarakimu za mashine, na aliyeyajua alikuwa kijana mmoja wa mkataba ambaye mkataba wake ulikwisha. Vitabu vilikuwa salama kabisa. Hakuna aliyeweza kuvipata.

Nianze na majina, maana hapo ndipo kazi inapoharibikia.

Mkoa huu una mtunzi mkubwa wa tenzi, Sheikh Hemedi bin Abdallah wa ukoo wa Buhriy, aliyetunga habari za vita vya 1888 na 1889 vya watu wa Mrima, pwani yetu, dhidi ya Wadachi, yaani Wajerumani. Mtafuteni kwenye katalogi za dunia. Mtamkuta kama Hemedi bin Abdallah, kama Hemed Abdallah, kama el-Buhriy, kama al-Buhri, na pengine kwa nasaba ndefu ya mababu wanne. Kompyuta haina habari kwamba huyo ni mtu mmoja. Kwake herufi zikitofautiana, watu wametofautiana. Halafu kuna kosa la upande wa pili: mwanawe, Sheikh Ali bin Hemedi, naye alikuwa mwanachuoni na mwandishi, na aliyeandika "Buhriy" tu kwenye fomu amewachanganya baba na mwana. Tena hapo sijataja hati zenyewe, ambazo kwa asili zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu.

Kanuni za katalogi zilizotoka Ulaya zinataka jina la ukoo litangulie. Sisi wa pwani tuna "bin" na "binti", na jina la pili ni la baba, si la ukoo. Ndiyo maana hata mwandishi wetu mashuhuri kuliko wote, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 na kuzikwa Machui mwaka 1962, kwenye katalogi nyingine anaanza na Robert na kwenye nyingine anaanza na Shaaban. Msomaji wa kidato cha tatu akikosa rafu ya R haendi tena kutazama S. Anakwenda zake nyumbani.

Dawa ipo, na si mpya. Tangu mwaka 2003 maktaba ya Bunge la Marekani, maktaba ya taifa ya Ujerumani na OCLC, shirika la ushirikiano wa maktaba, zilianza kuunganisha mafaili yao ya majina ya waandishi, na leo maktaba nyingi za taifa zimejiunga. Mradi huo unaitwa VIAF. Kila mwandishi anapewa namba moja, na chini ya namba hiyo yanawekwa majina yake yote, kwa tahajia zote na kwa herufi zote, za Kiarabu zikiwemo. Wikidata, iliyoanza Oktoba 2012, inafanya vivyo hivyo kwa watu, miji, lugha, mimea na kila kitu kinachoweza kusemwa habari zake. Humo Tanzania ni Q924 na Kiswahili ni Q7838. Ukishaandika namba badala ya jina tupu, hutegemei tena mwandishi wa fomu alikuwa na mkono gani siku ile.

Hii ndiyo mantiki ya kile kinachoitwa mtandao wa semantiki. Jina hilo lilienea baada ya makala ya mwaka 2001 katika jarida la Scientific American, waandishi wakiwa Tim Berners-Lee, aliyebuni wavuti, pamoja na James Hendler na Ora Lassila. Wavuti wa kawaida unaunganisha ukurasa na ukurasa bila kusema uhusiano wao ni upi. Wa semantiki unaunganisha kitu na kitu, na unautaja uhusiano. Kila habari inaandikwa kwa vipande vitatu: hati hii, imetungwa na, mtu huyu. Mtu huyu, ni mzazi wa, mtu yule. Hati hii, inahusu, vita vile. Kila kipande kina anwani yake ya kudumu kwenye intaneti. Utaratibu wa kuandika hivyo unaitwa RDF, na ulipitishwa kuwa kiwango mwaka 1999. Mashine ikiwa na sentensi za kutosha za namna hiyo inaweza kujibu swali ambalo hakuna mkutubi aliyeliandaa: nipe kila kilichoandikwa na watu wa pwani ya kaskazini kuhusu vita walivyovishuhudia wenyewe.

Mkutubi wa zamani haoni kigeni hapa. Kwenye makabati ya kadi tulikuwa na kadi zilizoandikwa "Tazama" na nyingine "Tazama pia". Ya kwanza ilimtoa msomaji kwenye jina lisilotumika ikampeleka kwenye linalotumika. Ya pili ilimpeleka kwenye jambo jirani. Hizo ndizo sentensi za semantiki, ila zilikaa kwenye droo moja ya jengo moja. Baadhi ya miradi ya kompyuta ilipokuja ilihamisha kadi za vitabu ikaziacha hizi nyuma, kwa kuwa hazikuwa na namba ya kitabu. Tukauita upungufu huo maendeleo.

Sasa mnipe nafasi kwa mfano mmoja mrefu, kwa sababu unauhusu mkoa wetu na unaonyesha faida ambayo hesabu ya mafaili haitaionyesha.

Wazigua wa Handeni wana ndugu zao Somalia. Katika karne ya 19 watu wengi wa huku walichukuliwa utumwani hadi bonde la mto Juba, na wajukuu wao wameendelea kusema lugha ambayo Mzigua wa leo anaielewa. Vita vya Somalia vilipowafukuza, baadhi yao walirudi Tanga kama wakimbizi wakawekwa Chogo, wilayani Handeni, na baadaye wakapewa uraia. Wengine walipelekwa Marekani. Sasa chukueni mwanafunzi wa Handeni anayetaka kuandika historia ya kwao. Anatafuta "Kizigua". Vitabu vya Kiingereza vinasema Zigua, vingine Zigula. Lugha ya ndugu zake wa Juba inaitwa Mushungulu au Mushunguli, na katika orodha ya kimataifa ya lugha zimepewa alama mbili tofauti, ziw na xma. Kwa maktaba ya mafaili, hayo ni mambo mawili yasiyohusiana: moja la Tanzania, moja la Somalia. Atasoma nusu ya historia yake na kuamini ameimaliza. Kwa maktaba iliyounganishwa, inatosha mkutubi mmoja, mara moja, aandike kwamba lugha hii ni ndugu wa lugha ile, na kwamba jamii hii imetokana na jamii ile. Kuanzia hapo kila kitabu, kila rekodi ya sauti na kila ripoti ya wakimbizi ya upande mmoja inaonekana upande wa pili.

Nani ataandika sentensi hiyo? Haitaandikwa Washington wala Leipzig. Huko wanajua alama za lugha, hawajui nani ni shangazi wa nani Chogo. Inabidi iandikwe hapa.

Mada zina shida ileile. Mfumo wa Dewey, ambao maktaba nyingi za kwetu zimepanga rafu kwao, ulitoka mwaka 1876, na kwenye namba za dini Ukristo umepewa eneo la 220 hadi 289 huku Uislamu wote ukibanwa kwenye 297. Yeyote aliyepanga vitabu vya dini katika mji wa madrasa kama huu anajua namba zinavyorefuka nyuma ya nukta mpaka hazitoshi kwenye mgongo wa kitabu. Sisemi tuivunje Dewey. Rafu inahitaji namba moja kwa kila kitabu, kwa sababu kitabu hakiwezi kukaa mahali pawili. Ila data inaweza, na hatuna sababu ya kuibana data kwa shida za rafu.

Kwenye kilimo mambo ni mepesi, na hapo tuna kwa kuanzia. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ina kamusi ya mada iitwayo AGROVOC, katika lugha zaidi ya 40, Kiswahili kikiwemo, na imetolewa kwa muundo wa data zilizounganishwa. Mkoa huu ndio uliopokea mkonge: Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida mwaka 1893, ikapona 62 tu, na kutoka kwenye hiyo ndipo yakatoka mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji mkubwa wa mkonge duniani. Kituo cha utafiti cha Mlingano kipo Muheza, na Amani utafiti ulianza tangu 1902. Maandishi ya kazi hizo yapo kwa Kijerumani, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mkulima wa Korogwe anaandika "katani", bwana shamba anaandika "mkonge", Mjerumani aliandika "Sisal", mtaalamu wa mimea anaandika Agave sisalana. Ripoti ikiunganishwa na dhana moja ya AGROVOC, wote wanne wanafika kwenye ukurasa uleule, kila mtu kwa neno lake. Hiyo ni kazi ya mchana mmoja kwa ripoti nyingi, ikiwa anayeifanya anazijua mada zake.

Pale ambapo AGROVOC haifiki, kama tenzi, mirathi, ngoma, mitepe, jina la jahazi au la upepo, kamusi ya mada kwa Kiswahili itabidi tuitunge sisi. Kuna kiwango chake tayari, SKOS cha mwaka 2009, kilichotengenezwa hasa kwa kazi ya "Tazama" na "Tazama pia". BAKITA wapo, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wapo, na chuo cha Bagamoyo kina wanafunzi wanaotafuta mada za utafiti kila mwaka. Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, nadhani hamhitaji kutafuta mbali.

Nije kwenye swali la pili, la watu.

Mwezi Januari 2008 maktaba ya Bunge la Marekani iliweka picha zake za zamani, takriban 3,000, kwenye mtandao wa Flickr na kuruhusu yeyote aandike lebo na maoni. Wakubwa wa kazi walikuwa na hofu tunayoijua: matusi, mzaha, ujinga. Kufikia Oktoba mwaka ule watu 2,518 walikuwa wameweka lebo 67,176, na picha 2,873 zilikuwa zimepata maoni. Miongoni mwake yalikuwemo majina ya watu, ya mitaa, ya treni, tarehe zilizosahihishwa kwa ushahidi. Wakutubi walizipitia, na rekodi zaidi ya 500 za katalogi rasmi zikarekebishwa. Australia nao waliweka magazeti yao ya kale mtandaoni mwaka huohuo wakawaachia wasomaji wasahihishe maneno ambayo mashine iliyasoma vibaya. Wastaafu waliishika kazi ile kama bao la jioni, mistari kwa mamilioni.

Tanga tuna nini? Tuna mji uliopigwa picha sana. Wajerumani walipiga, Waingereza wakapiga. Mwezi Desemba 2008 hifadhi ya nyaraka za taifa ya Ujerumani iliweka picha zake zaidi ya 80,000 wazi kwa Wikimedia, za Afrika Mashariki zikiwemo. Maelezo yaliyo chini ya picha za enzi hizo kwa kawaida yanamtaja ofisa aliyesimama katikati kwa cheo na jina, na waliomzunguka kwa neno moja la kuwafunika wote. Hakuna algorithimu itakayowapa majina. Wa kuwapa, kama bado wapo, ni wazee wa Chumbageni, wa Makorora, wa barabara za Ngamiani, ambao wakionyeshwa ukuta wanakwambia nyumba ilikuwa ya nani na kisima kilikuwa upande upi.

Na muziki. Mji huu ulikuwa na Black Star na Lucky Star kwenye taarabu, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz kwenye dansi. Nani alipiga gitaa la pili? Nani alikuwa fundi wa mitambo? Kanda ilirekodiwa wapi? Habari hizo zinasemwa kila siku kwenye magrupu ya WhatsApp ya wana-Tanga walioko hapa, Dar, Mombasa na Muskat. Mtu anatuma picha ya bendi, dakika tano haziishi mwingine ameshajibu kwa sauti, "Huyo wa kushoto ni mjomba, alikuwa akikaa barabara ya kumi na mbili." Kazi ya maktaba inafanyika pale, bure, kwa upendo. Kisha simu inajaa, mtu anafuta, na ujuzi ule umekwenda.

Ninachoomba ni maktaba iwe na mlango wa kupokelea hayo. Mzee asilazimishwe kujaza fomu ya Kiingereza yenye nyota nyekundu. Atume sauti. Kijana wa maktaba aisikilize, aandike sentensi tatu zinazotokana nayo, na kila sentensi ibebe jina la aliyeisema na tarehe. Wazee wawili wakipingana, na watapingana, hii ni Tanga, kauli zote mbili zikae, kila moja kwa jina la msemaji. Katalogi ya zamani isingeweza kubeba ubishi. Data za vipande vitatu zinaweza, kwa sababu sentensi yenyewe inaweza kusemewa habari zake: nani kaisema, lini, kwa ushahidi gani. Sauti ya mkutubi na sauti ya mtaa zisichanganywe, na msomaji aone waziwazi ipi ni ipi.

Kuna upande mwingine wa mitandao ya kijamii ambao husahauliwa, nao ni wasomaji kufahamiana. Miaka ya 2000 watafiti wa Galway, Ireland, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Gdańsk, Poland, walijenga mfumo uitwao JeromeDL ambamo kila msomaji alikuwa na rafu zake, akaziruhusu zionwe na marafiki, na rafiki wa rafiki akafaidi. Wazo hilo lingetufaa kuliko lilivyowafaa wao. Mwalimu wa baiolojia wa Lushoto aliyekusanya kila kinachosomeka kuhusu misitu ya Usambara anaweza kuacha rafu yake wazi, na mwalimu mgeni aliyepangiwa Kilindi akaifuata badala ya kuanza upya. Shuleni kwangu wanafunzi huazima kitabu kwa sababu fulani amekisoma. Sijawahi kuona aliyeazima kwa sababu ya namba ya Dewey.

Lakini, waheshimiwa, nisieleweke kwamba nasema fungueni ukurasa wa Facebook mkaite ni maktaba. Ukurasa wa matangazo ni sawa. Hazina isikae kwa mwenye duka. Mwaka 2019 Myspace walitangaza kwamba nyimbo zote zilizopakiwa kwao kwa miaka 12 ya mwanzo zimepotea katika kuhamisha seva, na mwaka huohuo Google wakafunga mtandao wao wa Google+. Waliokuwa wameweka kumbukumbu zao huko hawakuulizwa. Kwa hiyo tukusanye kutoka WhatsApp, tutangaze Facebook, lakini data zenyewe zikae kwetu, kwa muundo wa wazi unaoweza kutolewa wote kwa siku moja na kupelekwa kwingine, na nakala ya akiba iwepo Bagamoyo au Dar es Salaam. Mkataba wowote wa programu usiotamka hilo kwa maandishi msiusaini.

Na si kila kitu ni cha wazi. Orodha ya nani kaazima nini ni siri ya msomaji. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na maktaba iwe ya kwanza kuitii: mtu asome juu ya ugonjwa wake au ndoa yake bila rafu yake kuonwa na shemeji. Rafu ya kushirikishana iwe imefungwa mpaka mwenyewe aifungue. Picha za watu walio hai, hasa za harusini na misibani, zisiwekwe kwa idhini ya aliyezileta peke yake.

Hati za ukoo ni jambo jingine tena, na hapa nawaomba mwe na adabu kubwa. Nyumba nyingi za mwambao wetu, kuanzia Pangani hadi mpakani, zina vyuo, yaani vitabu vya zamani, vitabu vya fiqhi, tenzi, barua, mahesabu ya mirathi, vilivyofungwa kwa kitambaa juu ya kabati. Katika miaka ya 1960 J.W.T. Allen alizunguka pwani akikusanya hati na kanda, na kazi ile imo Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na katalogi yake ilichapishwa mwaka 1970 huko Leiden. Alitufaa sana. Hata hivyo kuna wazee ambao mpaka leo ukiwatajia maktaba wanakumbuka kitabu kilichotoka nyumbani kikaenda kusomwa na wengine mbali. Sasa kifaa kinaruhusu jambo ambalo zamani halikuwezekana: piga picha ukumbini kwa mwenyewe, hati irudi juu ya kabati lake siku ileile, na kwenye data iandikwe kwamba mwenye hati ni familia fulani, Tanga, na matumizi ni kwa ruhusa yake. Yenye dua na mambo ambayo wenyewe hawataki yatoke, yasitoke. Iandikwe tu kwamba ipo, wakikubali hata hilo.

Kuhusu fedha sitarefusha. Programu za kazi hii ni huria: Koha, iliyoanzia maktaba ya wilaya huko New Zealand na kutumika tangu mwaka 2000, kwa vitabu na uazimaji, Omeka S kwa picha, hati na sauti zilizounganishwa. Leseni ni bure. Umeme ukikatika, seva ndogo yenye betri ndani ya jengo inaweza kuhudumia simu za wasomaji bila intaneti, na kazi ya kulinganisha na dunia ikasubiri usiku. Fedha nyingi iende kwa watu: mkutubi mmoja wa kudumu wa majina na mada, si wa mradi, na vijana wawili wa kusikiliza sauti na kuziandika. Wanafunzi wa Bagamoyo wanaokuja kufanya mafunzo kwa vitendo wapewe kazi hii badala ya kupangusa vumbi na kugonga mihuri. Kijana akitoka hapa akiwa ameunganisha waandishi mia wa pwani na namba zao, maktaba yoyote Afrika itamtaka, na dunia nzima itatumia alichofanya, kwa sababu namba zile ni za wote.

Mkiniuliza pa kuanzia, nitasema majina, kabla skana haijafunguliwa boksi. Waandishi, watunzi, masheikh, walimu, wanamuziki na wapiga picha wa mkoa wa Tanga, waliokwisha kufariki kwanza, kwa tahajia zao zote. Baada ya hapo mitaa na vijiji, kwa majina ya zamani na ya sasa. Halafu magazeti: Kiongozi lilichapwa hapahapa Tanga enzi za Wajerumani, na habari zake ziliandikwa na walimu wa Kiafrika ambao majina yao hayamo kwenye faili lolote la dunia. Picha na sauti zifuate, mtaa kwa mtaa, tukianza na wazee waliokwisha kuchoka, kwa sababu wao hawasubiri bajeti ya mwaka ujao wa fedha.

Ninaomba jibu lenu libandikwe kwenye ubao wa matangazo wa maktaba ya mkoa, kwa Kiswahili, likitaja mambo mawili: nani atakabidhiwa kazi ya majina, na ataanza mwezi gani. Nipo tayari kukabidhi daftari la tahajia nililokusanya shuleni, na nawajua wenzangu wa shule nyingine wenye madaftari kama hilo.

Wasalaam,

Mkutubi wa shule,
Ngamiani, Tanga